DSLR kuukuu au kamera mpya ya zumu ndefu? Pima tundu la lenzi kwanza

Mtu anayetafuta kamera yake ya kwanza kwa fedha za kubana hukuta juu ya kaunta vitu viwili vinavyofanana sana kwa umbo. Cha kwanza ni DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, ya ngazi ya kuanzia, ya mtumba, tuseme Nikon D3200 iliyotoka mwaka 2012, ikiwa na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo boksini. Cha pili ni kamera ya zumu ndefu ambayo lenzi yake haibadilishwi, tuseme Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 au mdogo wake P950 wa mwaka 2020, na sifa inayotajwa kwanza ni kwamba inavuta mara 83. Muuzaji huielekeza hiyo ya pili kwenye duka la ng'ambo ya barabara, huvuta hadi kibao cha bei kisomeke tarakimu kwa tarakimu, na mara nyingi mjadala huishia hapo.

Mjadala wenyewe huwa umeanza vibaya. Mmoja atasema kwamba kamera ya juzi lazima iishinde ya zamani, kama ilivyo kwa simu, na mwingine atajibu kwamba DSLR ni DSLR hata ikichakaa. Kisha watageukia megapikseli, ambako D3200 ina 24 na P900 ina 16, na hapo ndipo mnunuzi huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu kamera yenye megapikseli nyingi ndiyo isiyoweza kumwonyesha ndege aliye juu ya mbuyu. Umri na megapikseli vina nafasi yake, na nitavirudia, lakini kinachotenganisha kamera hizi mbili ni ukubwa wa kihisi na upana wa tundu linaloingiza mwanga.

Kihisi ni kile kibamba cha silikoni kinachokaa mahali ambapo zamani ilikaa filamu. Cha D3200 kina milimita 23.2 kwa 15.4, yaani eneo la milimita za mraba zipatazo 357. Cha P900 kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6, yaani eneo la kama milimita za mraba 28, kiasi kwamba vihisi kumi na viwili vya aina hiyo vingeenea ndani ya kimoja cha DSLR na nafasi ikabaki. Kamera za zumu ndefu kama P900 huitwa za daraja kwa kuwa zilibuniwa kusimama katikati ya kamera ndogo na DSLR, lakini jina hilo linasitiri jambo: kwa nje zimevaa mwili wa DSLR, na ndani nyingi kati yake zina kihisi cha kamera ya mfukoni.

Wala udogo huo si ubahili wa mtengenezaji, kwa maana ndio unaoiwezesha zumu yenyewe. Lenzi ya P900 kwa urefu wake halisi wa fokasi, yaani ile namba ya milimita inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani na si urefu wa bomba lake, huanza milimita 4.3 na kuishia milimita 357, na ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata 83, ambayo ndiyo hiyo "83x" inayosifiwa. Kihisi kidogo huchukua kipande kidogo tu cha katikati ya taswira inayotupwa na lenzi, hivyo kitu cha mbali hujaza fremu mapema. Ndiyo maana mtengenezaji huitangaza lenzi hiyo kuwa ya milimita 24 hadi 2000, akimaanisha kwamba inaona sehemu ile ile ambayo kamera ya filamu ya milimita 35 ingeiona ikiwa na lenzi ya milimita 2000. Ili D3200 ione hivyo hivyo, ingehitaji lenzi ya milimita zaidi ya 1,300, kitu ambacho huwezi kukibeba begani kwenda nacho popote. Kwa hiyo anayesema anataka zumu ya mara 83 na kihisi kikubwa pamoja, kwa bei ya kwanza, anataka ng'ombe wa maziwa atakayelala kwenye banda la kuku.

Sasa tuje kwenye tundu. Namba yenye herufi f inayoandikwa kwenye lenzi, kama f/3.5 au f/6.5, ni matokeo ya kugawanya: urefu wa fokasi wa lenzi umegawanywa kwa upana wa tundu lake. Maana yake ni kwamba ukigawanya urefu halisi kwa namba hiyo, unaupata upana wa tundu kwa milimita, na upana huo ndio unaokueleza ni mwanga kiasi gani kutoka kwa kile unachokipiga umeingia ndani ya kamera. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini inafungua mafundo mengi.

Tuanzie upande wa karibu, yaani lenzi ikiwa haijavutwa. P900 hufunguka hadi f/2.8 ikiwa milimita 4.3, hivyo tundu lake lina upana wa milimita moja na nusu tu. Lenzi ya kawaida ya D3200 hufunguka f/3.5 ikiwa milimita 18, nayo inatoa tundu la milimita tano na kitu. Kwa kuangalia namba za f peke yake, mtu angedhani P900 ndiyo inayoingiza mwanga mwingi. Kwa eneo la tundu, DSLR inaizidi kama mara kumi na moja kwa picha ya upana unaokaribiana. Ukiitoa lenzi hiyo na kuweka ya milimita 35 yenye f/1.8, ambayo Nikon waliitoa mwaka 2009 na ambayo ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu, tundu linakuwa la milimita 19.

Tufike upande wa pili, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. P900 ina milimita 357 kwa f/6.5, sawa na tundu la milimita 55. D3200 yenye lenzi yake ya boksini inaishia milimita 55 kwa f/5.6, tundu la milimita kumi hivi. Hapo DSLR imeachwa mbali sana, na hakuna ubishi. Hata ukiinunulia lenzi ya 70-300 inayoishia f/5.6, tundu lake ni la milimita 54. Linganisha 54 na 55: mwanga unaotoka kwa ndege aliye mbali na kuingia katika kamera hizo mbili ni sawasawa, licha ya kihisi kimoja kuwa kikubwa mara kumi na mbili kuliko kingine. Ukubwa wa kihisi peke yake haukuongezei mwanga wa kitu kilicho mbali. Tundu ndilo linaloongeza, na kwa umbali kamera ya zumu ndefu inalo.

Mwezi mpevu ni mfano mzuri, maana kila mwenye P900 huanzia huko. Mwezi una upana wa takriban nusu digrii angani. Kwa lenzi ya milimita 55 ya DSLR, taswira yake kwenye kihisi ni nusu milimita, na picha inakuwa na duara lenye pikseli zipatazo 130, yaani sarafu nyeupe isiyo na kitu ndani. Kwa lenzi ya milimita 300 duara hilo lina pikseli kama 720, na mabonde makubwa yanaonekana vizuri. Kwa P900 linafika pikseli zaidi ya 2,400. Zote hizo hazibebi habari mpya, kwa kuwa pikseli za kihisi kidogo ni finyu kuliko uwezo wa mwanga wenyewe kuchora nukta kali kwa f/6.5, kwa hiyo usitarajie undani mara tatu. Lakini picha inajaza fremu, huhitaji kuikata, na mwezi umeangazwa na jua, hivyo mwanga si tatizo. Kwa upande wa DSLR, ukiikata picha ya lenzi ya 300 mpaka ilingane na kile P900 inachokiona, zile megapikseli 24 zinabaki 1.2. Hiyo inatosha kutumwa kwenye kundi la familia, lakini si ya kuchapishwa na kutundikwa sebuleni.

Jambo hili nililiona Mikumi, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapokatisha hifadhi. Saa mbili asubuhi, jua likiwa bado la upande, P900 ya mwenzangu ilimtoa simba jike aliyelala chini ya mkwaju na kupe wa sikioni akahesabika, wakati mimi na lenzi yangu ya 300 nilikuwa na kitu cha rangi ya mchanga katikati ya majani. Saa sita mchana tulikuwa sawa, kwa sababu mazigazi yalikuwa yamepanda kutoka ardhini na simba yule yule akawa anacheza kama picha iliyoko chini ya maji. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyovuta na hewa iliyo katikati, na hakuna lenzi inayolitibu hilo. Jioni, jua likiwa limeshazama, mambo yalibadilika tena. Mwenzangu alihitaji shata ya haraka, yaani pazia linaloingiza mwanga lifunguke kwa muda mfupi sana, ili simba aliyekuwa ameanza kutembea asitoke na ukungu, kamera ikajipandishia ISO, yaani kiwango cha kuukuza mwanga ulioingia, na manyoya yote yakalainika kama blanketi. Picha zangu za mbali nazo zilikuwa na chenga vile vile, kama hesabu ya matundu inavyodai. Tofauti ni kwamba niliweza kuacha kumfuata simba na kupiga mandhari nzima, na huko DSLR ilikuwa nyumbani kwake.

Kuongeza ISO ni sawa na kuongeza sauti ya redio ambayo mawimbi yake hayafiki vizuri: sauti inapanda, na mikwaruzo inapanda nayo. Kamera iliyoingiza mwanga mwingi tangu mwanzo haina haja ya kukuza sauti hiyo kwa nguvu. Hapo ndipo sherehe za usiku zinapoamua kesi. Katika sendoff moja niliyoombwa kupiga picha kama ndugu wa bibi harusi, MC aliagiza taa kubwa zizimwe wakati binti anaingia, zikabaki zile za zambarau za ukutani na mishumaa ya mezani. Kwa lenzi ya milimita 35 iliyofunguliwa f/1.8 nilipata uso, shanga za shingoni na nyuzi za taraza, pamoja na chenga kidogo ambazo hakuna aliyezilalamikia. Kamera ya zumu ndefu iliyokuwa meza ya pili ilitoa sura zilizopauka kama zimepakwa rangi ya maji kwa brashi pana, kwa sababu programu yake ilikuwa inafuta chenga na kufuta ngozi pamoja nazo. Hata kule kuwazamisha watu wa nyuma kwenye ukungu ili uso ubaki peke yake kunategemea tundu lile lile, na tundu la milimita moja na nusu au tatu haliwezi kukufanyia hivyo ndani ya ukumbi.

Lakini wenye DSLR wasishangilie mapema. Lenzi ya boksini, ikivutwa hadi milimita 55, ina f/5.6, na ukumbini inahema. Faida niliyoieleza inapatikana kikamilifu ukinunua lenzi ya pili, na anayenunua mwili wa DSLR bila bajeti ya lenzi hiyo amenunua nusu ya kile alichosifiwa. Ukinunua DSLR ya mtumba na kuiacha na 18-55 maisha yake yote, kisha kazi yako kubwa ikawa ndege na wanyama, umekosea kuliko yule aliyedanganyika na namba 83.

Kuna jambo moja ambalo vipimo haviligusi: namna kamera inavyokuitikia. D3200 ina kioo ndani kinachokupa taswira halisi machoni bila kuchelewa, na vihisi maalumu vya ulengaji, yaani vya kuifanya taswira iwe kali, vyenye nukta 11 vinavyopima umbali kwa mkupuo mmoja. Ni mfumo wa zamani na nukta za pembeni si hodari, lakini swala akiruka, unamfuata. P900 hulenga kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma hadi taswira iwe kali kuliko zote, na ikiwa imevutwa hadi mwisho hupotea njia kwenye matawi, ukabaki unaangalia ukungu huku ndege ameshakwenda. Hupiga picha saba kwa sekunde, kasi inayoizidi D3200 yenye nne, ila baada ya hizo saba husimama kuzihifadhi, na ni katika kusimama huko ndipo mwewe hufungua mabawa. Kwa kitu kilichotulia, hili si tatizo hata kidogo.

Wengi huamini kwamba kamera ya daraja ni nyepesi. Si kweli katika mfano huu: P900 ina gramu 899, na D3200 pamoja na lenzi yake ya boksini ni gramu 770 hivi. Ndugu ya P900, P1000 ya mwaka 2018, inayofika milimita 3000, ina gramu 1,415. Wepesi unaupata pale tu unapolinganisha na DSLR yenye begi la lenzi. Betri ya D3200 imekadiriwa picha 540, ya P900 picha 360. Kuhusu vumbi, DSLR huingiza vumbi unapobadilisha lenzi na kihisi chake husafishika; ya daraja haifunguliwi, ila lenzi yake inayotoka na kurudi huvuta hewa, na chembe ikishaingia hutaitoa bila fundi.

Umri basi una kazi gani? Upo kwenye video zaidi ya penginepo. P950 hupiga video ya 4K na kulenga yenyewe kwa utulivu, ilhali D3200 inaishia 1080 na ulengaji wake wakati wa video ni wa kusuasua wenye kelele. P900 hutuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi, D3200 haina Wi-Fi ndani. Mfumo wa kutuliza mtikisiko wa P900 ni wa ajabu, na bila huo, milimita 2000 mkononi zingekuwa mzaha. Kwa upande mwingine P900, pamoja na upya wake, haihifadhi faili ghafi, yaani data ya kihisi kabla kamera haijaichakata, hivyo picha iliyoharibika rangi chini ya taa za ukumbi haina pa kurekebishiwa sawasawa. P950 ilirekebisha kasoro hiyo, wakati DSLR kuukuu ilikuwa na faili ghafi tangu siku ya kwanza. Simu nazo zimeingia kati: nyingi za bei ya juu zina kihisi kikubwa kuliko cha P900, kwa hiyo mwenye simu ya namna hiyo akinunua kamera ya zumu ndefu ananunua umbali peke yake. Hilo si kosa, mradi alijue.

Zipo pia kamera za daraja zenye kihisi kiitwacho cha inchi moja, ingawa hilo ni jina tu wala si kipimo chake halisi, kama Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 na Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Kihisi hicho kina milimita 13.2 kwa 8.8, mara nne ya kile kidogo na theluthi moja ya kile cha DSLR, na zumu zake huishia milimita 400 na 600. Hesabu ya tundu inazipa alama nzuri pande zote mbili. Bei ya hiyo Sony, hata ikiwa mtumba, inaiondoa katika mazungumzo ya kamera ya kwanza. Ile FZ1000 ingefaa kutafutwa kwa subira, na kwa msafiri anayetaka kamera moja ya kila kitu ningeiweka mbele ya zote nilizozitaja hapa.

Kwa atakayeamua DSLR, kuna mtego wa lenzi. D3200 na ndugu zake wa ngazi ya chini hawana mota ya ulengaji mwilini, kwa hiyo lenzi za Nikon zilizoandikwa AF-D, ambazo muuzaji atakupa kwa bei ya kirafiki, zitakulazimu kulenga kwa mkono; tafuta zilizoandikwa AF-S. Kwa Canon, kama EOS 1100D ya mwaka 2011, tatizo hilo halipo kwa sababu mota iko ndani ya kila lenzi ya EF inayolenga yenyewe. Shata ya D3200 ilijaribiwa kwa mapigo 100,000, na idadi iliyokwisha kupigwa hukaa ndani ya faili ya picha, hivyo piga picha moja, ihamishe kwenye kompyuta na uisome kwa programu ya bure kabla ya kulipa. Kwa ya zumu ndefu, iwashe na kuizima mara kumi ukisikiliza mota ya lenzi, kwa maana ikikwama, kamera nzima imekwisha.

Na katika miji ya pwani, chunguza kuvu. Ingiza mwanga wa tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi na uangalie kwa mshazari kutoka mbele. Niliwahi kushika lenzi iliyong'aa kwa nje kama iliyotoka kiwandani, na tochi ilipopita ndani zikaonekana nyuzi nyeupe zilizotawanyika kutoka ukingoni kama utando wa buibui. "Vumbi tu hilo kaka, linafutika," muuzaji aliniambia, akaipangusa kioo cha mbele kwa pindo la shati. Nilimrudishia, nikamwomba ile iliyokuwa nyuma yake, yenye mikwaruzo mwilini na vioo visafi, na hiyo ndiyo niliyopigia ile sendoff.